Slaidi nyumbani Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusafisha mikanda ya E-6

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye ameshawahi kusafisha mkanda wa kamera wa nyeusi na nyeupe kwa mkono wake, na sasa ana mkanda wa slaidi mezani anauangalia kwa woga. Maelekezo mengi yaliyopo yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Kinachowakosesha usingizi wao ni kupandisha joto la maji. Sisi joto tunalo la bure. Kinachotuangusha Dar ni unyevu wakati wa kupakia mkanda, maji yenyewe, na safari ya dawa hadi zitufikie. Basi majibu yamerefuka hapo, na yamefupika pale ambapo karatasi iliyomo kwenye boksi la dawa inajitosheleza.

Kwa nini nihangaike na slaidi wakati negativu ni rahisi zaidi?

Kwa sababu ya kile utakachokishika mkononi kazi ikiisha. Negativu ni malighafi, lazima mtu au mashine iigeuze ndipo uone kitu. Slaidi ni picha yenyewe: inua dirishani, na pantoni la Kigamboni lile pale na rangi zake, bila kompyuta kukuamulia lolote. Ukiiskani hakuna kugeuza rangi wala kupambana na ule utando wa rangi ya chungwa wa negativu. Kama hilo halikuvutii, baki na negativu. Slaidi ni ghali zaidi na haina msamaha.

Ndani ya tangi kunatokea nini hasa?

E-6 ni utaratibu ulioletwa na Kodak mwaka 1976, na ndio unaotumika mpaka leo kwa karibu kila mkanda wa slaidi unaouzwa, uwe wa Kodak au wa Fujifilm. Ukiuelewa mara moja, makosa mengi utajitambulia mwenyewe bila kumuuliza mtu.

Divelopa, yaani dawa ya kutoa picha, zipo mbili. Ya kwanza ni ya nyeusi na nyeupe. Inazigeuza kuwa fedha nyeusi zile chembe za chumvi ya fedha zilizopigwa na mwanga tu. Ungeishia hapo na kuweka fiksa, ungepata negativu ya nyeusi na nyeupe. Lakini chembe ambazo hazikuguswa na mwanga bado zimo, na ndizo zinazobeba picha unayoitaka: palipokuwa na kivuli zimebaki nyingi, palipokuwa na jua zimebaki chache. Hatua inayofuata inaziamsha hizo zote kwa kemikali. Wazee walikuwa wanautoa mkanda kwenye tangi na kuumulika kwa taa, kazi ikawa ile ile. Kisha divelopa ya rangi inazigeuza, na zinapogeuka zinazaa rangi katika tabaka tatu: sayani, majenta na njano. Kwa wakati huo mkanda wote ni mweusi tii kwa sababu umejaa fedha. Blichi inairudisha fedha kuwa chumvi, fiksa inaiyeyusha chumvi hiyo, na rangi zinabaki peke yake.

Ona basi: ni divelopa ya kwanza tu inayoamua picha iwe nyepesi au nzito. Ikizidi muda au joto, chembe nyingi zinaliwa mapema na slaidi inatoka imepauka. Ikipungua, slaidi inatoka nzito kama ya usiku. Hatua nyingine zina uvumilivu mkubwa zaidi. Kwa hiyo weka umakini wako wote kwenye zile dakika sita za mwanzo, na kwingine pumua.

Seti ya dawa tatu au ya dawa sita?

Ya tatu. Seti ya sita inatenganisha kuamsha, kuandaa, blichi na fiksa, na wenye macho makali wanasema rangi zake ni safi zaidi. Inawezekana. Lakini kwa mtu wa nyumbani mwenye deli moja la maji na beseni mbili, kila chupa ya ziada ni nafasi nyingine ya kuchanganya vifuniko. Kwenye seti ya tatu, kuamsha kumo ndani ya divelopa ya rangi, na blichi na fiksa zimeunganishwa kuwa bliksi. Ukishazoea na ukaona kasoro unayotaka kuirekebisha, hamia kwenye sita.

Nitajuaje mkanda wangu ni wa E-6?

Umeandikwa kwenye kopo lake. Inayopatikana zaidi leo ni Kodak Ektachrome E100, iliyorudi sokoni mwaka 2018 baada ya kusitishwa, pamoja na Velvia na Provia za Fujifilm. Ukiona C-41, hiyo ni negativu ya rangi.

Nimekuta mkanda wa zamani kwenye kabati la mzee. Nao unasafishika?

Soma jina kabla ya kugusa dawa yoyote. Kama ni Kodachrome, jibu ni hapana kwa upande wa rangi. Kodachrome haikubeba rangi ndani yake. Rangi ziliwekwa na mashine wakati wa kusafisha, na maabara ya mwisho duniani iliyoifanya kazi hiyo, huko Kansas, Marekani, iliacha kupokea mikanda mwishoni mwa 2010. Leo utapata picha ya nyeusi na nyeupe tu.

Kama ni Ektachrome ya kabla ya E-6, iliyoandikwa E-4, usiitie kwenye dawa za E-6, ambazo ni za nyuzi 38. Utaratibu wa E-4 ulikuwa wa karibu nyuzi 29 na ulianza na dawa ya kuimarisha jelatini, lile tabaka linalobeba picha. Bila dawa hiyo, kwenye joto la E-6 jelatini inalainika na inaweza kubanduka, na mkanda wa marehemu babu utaishia kuwa rojo chini ya tangi. Hiyo nayo isafishe kwa nyeusi na nyeupe, kwa joto la chini.

Kama ni E-6 iliyopitwa na muda, endelea, ila usitegemee miujiza. Mkanda uliokaa miaka kwenye kabati la Dar bila friji mara nyingi unatoa nyeusi dhaifu na rangi iliyoegemea upande mmoja. Ujaribu, mradi humwahidi mtu picha za harusi yake.

Dawa zinapatikana wapi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na jibu la kweli ni kwamba wengi huagiza nje. Mambo matatu ya kuyajua kabla hujalipa.

La kwanza, agiza za unga kila inapowezekana. Dawa za maji ni nzito, na kampuni nyingi za usafirishaji wa ndege hazitaki kubeba kemikali za maji, hasa bliksi. Unga unavumilia zaidi hata boksi likikaa ghalani kwenye joto.

La pili, kemikali zinazoingia nchini zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003. Ukiongea na wakala wako wa forodha mapema, akiwa na karatasi za usalama za kila dawa mkononi, mambo yanakwenda. Ukisubiri boksi lifike ndipo uanze kujieleza, utajuana na tozo za ghala.

La tatu, agizeni kwa pamoja. Seti ya lita moja imekusudiwa mikanda nane hivi au zaidi, na ikishachanganywa haikusubiri. Watu watatu wenye mikanda mitatu mitatu wanaimaliza wikendi moja. Mtu mmoja mwenye mikanda miwili kwa mwaka bora atume mikanda yake nje ikasafishwe, na hapo sina ubishi.

Na vifaa vingine?

Tangi la kusafishia na rili zake za kuzungushia mkanda, mkoba wa giza, na kipimajoto kizuri, hivyo ndivyo vya kutafuta kwa watu wa kamera za mkanda. Vilivyobaki ni vya Kariakoo: deli kubwa lenye mfuniko, chupa za lita moja zinazofunga vizuri, jagi zenye alama za mililita, glavu za naitrili, faneli na vibanio vya nguo. Bomba la sindano la mililita 50 la duka la dawa linapima dawa za maji kwa usahihi kuliko jagi lolote. Tangi la rili mbili la Paterson linahitaji karibu mililita 290 kwa kila mkanda wa milimita 35, na 500 kwa ule mpana wa 120.

Chochote kitakachogusa dawa kisirudi jikoni. Weka alama kwa maka pen isiyofutika.

Joto la nyuzi 38 nitalishikaje, na umeme wenyewe ndio huu?

Hapa ndipo Dar inapotubeba. Maji ya simtanki yaliyopigwa na jua mchana kutwa mara nyingi yanakaribia nyuzi 30 au kuzivuka. Tuseme yako yana 29. Mimina lita nane na nusu kwenye deli, ongeza lita moja na nusu ya maji yanayochemka, na una lita kumi za karibu nyuzi 40. Mwenzako wa Ulaya mwenye maji ya nyuzi 15 anahitaji maji ya moto karibu mara mbili ya hayo, halafu chumba chake kinayapoza haraka. Chumba chako kina nyuzi 30. Maji yaliyo ndani ya deli lenye mfuniko yanashuka polepole sana.

Kwa hiyo kifaa cha umeme cha kuzungusha maji kwa joto moja, ambacho kila mwandishi wa nje anakisifu, ni kizuri lakini si cha lazima hapa. Tena kinakula umeme mwingi, na LUKU ikikata katikati ya divelopa ya kwanza umebaki na deli lisilo na kitu cha kulirekebisha. Utaratibu wa deli hauogopi kukatika kwa umeme. Chemsha maji kwenye gesi, jaza chupa ya chai ya lita mbili na uiweke pembeni, kisha uwe unarekebisha kwa vikombe: joto likishuka, toa kikombe cha maji ya deli, tia kikombe cha moto, koroga, pima.

Zamisha chupa zote tatu kwenye deli hadi shingoni, na uziache nusu saa au zaidi. Usipime joto la maji ya deli ukadhani ndilo la dawa. Fungua chupa, pima dawa yenyewe. Divelopa ya kwanza ndiyo unayoipima kwa ukali: 38, na usiruhusu kupotea zaidi ya theluthi moja ya nyuzi. Divelopa ya rangi ikicheza nusu nyuzi haikuui. Bliksi haina deko kabisa.

Kabla ya kumimina divelopa, jaza tangi maji ya nyuzi 38 kwa dakika moja au mbili kisha yamwage. Plastiki ya tangi na mkanda vinapata joto, na divelopa haiporwi nyuzi moja inapoingia. Wakati wa kusafisha, tangi lenyewe likae ndani ya deli katikati ya kutikisa na kutikisa.

Kipimajoto changu cha jikoni kinasema 38. Nikiamini?

Usikiamini bure, kilinganishe. Bahati nzuri, 38 ni joto la homa, na kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa kimetengenezwa kwa ajili ya eneo hilo hilo: kwa kawaida kinakosea kwa sehemu moja ya kumi tu ya nyuzi. Tumbukiza ncha zake pamoja na za kile cha jikoni kwenye jagi la maji uliloliweka karibu na 38, subiri mlio, soma vyote viwili. Tofauti utakayoiona iandike kwenye karatasi na uibandike kwenye mpini wa kile cha jikoni. Kumbuka kwamba cha homa kinashika joto la juu kabisa kilichokutana nalo, hakishuki nalo, hivyo kizime na kukiwasha kila unapopima upya. Ndiyo maana si cha kufanyia kazi yote. Ni cha kukagulia kingine.

Mkanda unagoma kuingia kwenye rili. Nimejaribu mpaka nimelowa jasho.

Jasho lenyewe ndilo tatizo. Jelatini inakunywa unyevu wa hewa na kuvimba kidogo, na ndani ya mkoba wa giza mikono yako miwili inapumua kwa dakika kumi kwenye nafasi isiyo na upepo. Mkanda unaanza kunata kwenye plastiki ya rili pale kwenye mzunguko wa tatu au wa nne, unavuta, unapinda, na ile pindo itaonekana kwenye slaidi kama mwezi mwandamo mdogo ambao hautoki.

Pakia alfajiri, au usiku baada ya kuoga na kukauka. Kama kuna ndugu mwenye kiyoyozi, omba chumba chake kwa nusu saa. Hiyo peke yake inamaliza shida kwa wengi. Rili iwe kavu kabisa, si kavu kwa kuiangalia: iliyosafishwa leo asubuhi bado ina maji kwenye zile gololi ndogo za chuma zinazoshika mkanda. Ianike juani siku nzima au ipulizie draya ya nywele. Pembe mbili za mwanzo wa mkanda zikate ziwe za mviringo ukiwa bado kwenye mwanga.

Ikigoma njiani, usilazimishe. Tia rili na mkanda wake ndani ya tangi, funga mfuniko, toa mikono, nawa, jifute, kaa mbele ya feni. Baada ya robo saa rudi. Mkanda ndani ya tangi lililofungwa hauna haraka yoyote.

Wengine hapa mjini wamehamia rili za chuma kwa sababu hii tu. Hizo hazinati, ila zinataka mkono uliozoea. Zifanyie mazoezi kwa mkanda uliokufa, macho yamefumbwa, mbele ya tamthilia ya jioni.

Maji ya bomba yanafaa?

Kwa kuoshea, maji ya DAWASA yanafaa, ukiyachuja mchanga na kutu kwa kitambaa safi au chujio la bomba. Kwa kuchanganyia divelopa mbili na kwa suuza ya mwisho, tumia maji ya kunywa ya dukani. Lita chache tu zinatosha, na ni gharama ndogo ukilinganisha na mkanda.

Kisima ni habari nyingine. Maeneo mengi ya pwani yetu visima vina chumvi, na wenye visima hivyo wanajua, chai yao inawaambia. Maji hayo yasiingie kwenye divelopa kabisa, na yakitumika kuoshea, suuza mara mbili kwa maji ya dukani kabla ya stebilaiza, ile dawa ya mwisho. Vinginevyo utaanika mkanda msafi na kuukuta una madoa meupe ya mviringo.

Nipe hatua zenyewe basi.

Muda wa mwisho ni ule wa karatasi ya seti yako, maana watengenezaji wanatofautiana. Kwa picha ya jumla: maji ya kupashia dakika moja au mbili, divelopa ya kwanza dakika sita na sekunde kadhaa, osha kwa maji ya 38, ukibadilisha mara sita au saba, divelopa ya rangi karibu dakika sita, osha tena, bliksi dakika sita hadi kumi, osha kwa muda mrefu zaidi, angalau dakika nne, stebilaiza dakika moja kwenye joto la kawaida, nje ya rili kama unaweza, kwa sababu inaacha utando unaofanya rili inate safari ijayo.

Kutikisa: sekunde 15 za mwanzo mfululizo, kisha pindua tangi mara chache kila nusu dakika, kila mkanda kwa namna ile ile. Usipunguze ule uoshaji wa kwanza ukidhani ni mbwembwe. Divelopa ya kwanza ikibebwa hadi kwenye ya rangi, rangi zinadhoofika, na inaichafua chupa nzima kwa mikanda itakayofuata.

Bliksi inatoa gesi. Baada ya mitikiso ya kwanza legeza mfuniko kidogo, usikie ikipumua, kisha funga. Ukisahau, itajitafutia njia yenyewe na kukupigia shati doa la kutu lisilotoka. Baada ya bliksi unaweza kufungua na kuangalia. Mwanga hauna madhara tena.

Nikikosea mpangilio wa chupa?

Ukianza na bliksi, mkanda unatoka mweupe kama plastiki, hauna kitu. Ukianza na divelopa ya rangi, kila kitu kinaamshwa na mkanda unatoka mweusi. Vyote viwili havina tiba. Funga chupa kwa mpira wa rangi tofauti na uzipange kwenye deli kwa mfuatano wa kutumika.

Nimeutoa, unaonekana una ukungu wa maziwa. Umeharibika?

Hapana. Mkanda wa slaidi ukiwa mbichi una weusi uliofifia na utando kama wa maziwa. Ukikauka unasafika. Usihukumu kitu kabla haujakauka.

Umekauka, na bado picha si sawa. Nianzie wapi?

Anzia pembeni mwa mkanda, si kwenye picha. Kampuni iliandika jina na namba kwa mwanga kabla hujanunua, kwa hiyo maandishi hayo hayajui lolote kuhusu kamera yako. Yakiwa yanang'aa vizuri na picha ni nzito, kamera ilipewa mwanga mdogo. Yakiwa yamefifia pamoja na picha, divelopa ya kwanza ilikuwa baridi, fupi au imechoka.

Kisha angalia nafasi kati ya picha na picha. Inatakiwa iwe nyeusi kabisa. Ikiwa nyeusi na picha zimepauka, ulizidisha mwanga kwenye kamera. Ikiwa ya kahawia au kijani kilichofifia, tatizo ni la dawa: divelopa ya kwanza ilizidi, au ya rangi imechoka au imechafuka.

Mwisho, ile ncha ya mwanzo iliyokaa nje ya kopo juani. Hiyo inatakiwa iwe angavu kama kioo. Ikiwa na kivuli cha kijivu au umanjano mchafu, bliksi haikumaliza na fedha imebaki. Hili ndilo kosa pekee lenye dawa: rudisha mkanda kwenye bliksi mpya, hata mchana kweupe, osha, stebilaiza, anika.

Naweza kupushi, yaani kufidia mkanda uliopigwa kwa mwanga mdogo?

Ndiyo, na ni kwa kuongeza muda wa divelopa ya kwanza peke yake. Kwenye utaratibu wa Kodak, dakika 6 zinakuwa 8 hivi kwa stopu moja, yaani mwanga uliopungua nusu. Stopu moja inakubalika. Ya pili inaanza kula nyeusi na kufanya picha ionekane ya chembechembe. Hatua nyingine zote zibaki zilivyo.

Slaidi na jua la Dar vinapatana?

Kwa masharti. Negativu inakusamehe ukizidisha stopu mbili. Slaidi inaanza kulalamika kwenye nusu. Na sisi tuko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta, saa sita mchana jua liko utosini na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi chini ya kofia.

Pima mwanga kwa kile cheupe muhimu kuliko vyote. Chukua foleni ya pantoni pale Kivukoni: mzee kavaa kanzu nyeupe, pembeni yake mama kavaa baibui jeusi, wote juani. Mkanda hautawatosha wawili. Ukipima kwa baibui, kanzu inakuwa tundu jeupe lisilo na uzi hata mmoja, na slaidi ikishakuwa nyeupe hakuna skana itakayorudisha. Pima kwa kanzu, fungua stopu moja na nusu kutoka kipimo hicho ili ibaki nyeupe badala ya kijivu, na ukubali baibui liwe kivuli. Au wasubirie wafike chini ya paa, mwanga unakuwa mmoja. Kwa kazi ya kawaida, kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni ndio saa za slaidi. Mawingu ya masika nayo ni mazuri kuliko watu wanavyofikiri, hasa kwa Velvia.

Nikitumia dawa za C-41 nilizonazo?

Utapata negativu yenye rangi zilizopotoka na ukali mkubwa. Wapo wanaoipenda hivyo. Slaidi hupati.

Dawa zilizochanganywa zinakaa muda gani?

Divelopa ndizo zinazokufa, na kinachoziua ni hewa pamoja na joto. Hesabu wiki chache, na kwa joto letu upunguze tena. Jaza chupa hadi juu. Dawa ikipungua, tumbukiza gololi za kioo zilizooshwa hadi ipande shingoni. Weka mahali penye giza na ubaridi. Friji ya chakula hapana, kwanza kwa usalama, pili baridi kali inaweza kuangusha chumvi chini ya chupa. Divelopa ikigeuka rangi ya chai nzito, iage.

Mbinu nzuri ni kukusanya. Mikanda iliyopigwa ikae kwenye friji ndani ya makopo yake yaliyofungwa, seti ifunguliwe siku mikanda imetosha. Ukiitoa friji, iache saa kadhaa kabla ya kufungua kopo, la sivyo inatoka jasho.

Nina chumba kimoja na watoto. Ni salama?

Inawezekana kwa nidhamu. Divelopa ya rangi inaweza kukuletea mzio wa ngozi unaobaki nawe, kwa hiyo glavu kila mara. Bliksi inanuka, madirisha wazi, feni ikivuta kwenda nje. Na tafadhali, dawa isikae hata usiku mmoja kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi maandishi ya maka pen. Chupa ziwe za sura tofauti, kwenye sanduku lenye kufuli, juu.

Dawa zilizotumika nizimwage wapi?

Si mtaroni. Mitaro yetu inakwenda Msimbazi na baharini, na bliksi iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Nyumba nyingi za Dar zinatumia shimo, na dawa za picha zinaua bakteria wanaolifanya shimo lifanye kazi. Kusanya kwenye dumu lenye maandishi, bliksi peke yake. Likijaa, mpe mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira. Kikundi kikiwa na dumu moja la pamoja gharama inagawanyika.

Kukausha na kutunza?

Bafuni, baada ya kumwagia maji ukutani ili vumbi litulie, mkanda ukining'inia na kibanio chini, mlango umefungwa, feni imezimwa. Kwenye unyevu wetu ni saa nne na zaidi. Usiku kucha ni bora. Ukikauka tu, uondoe. Mende wanakula jelatini.

Baada ya hapo adui ni kuvu. Boksi la plastiki linalofunga vizuri na pakiti za silika, unazozikausha upya zikishashiba unyevu. Kabati la mbao ukutani, upande wa chooni, ni mahali pabaya kuliko pote na ndipo wengi wanapoziweka.

Nasafiri na mikanda. Uwanja wa ndege je?

Mkononi, kamwe si kwenye begi la kupakiwa. Mashine za kawaida za X-ray za mzigo wa mkononi hazidhuru sana mkanda wa ISO 100, ila zile mpya za CT zinaweza kuuharibu. Weka mikanda kwenye mfuko unaoonyesha ndani, na uombe kwa adabu ikaguliwe kwa macho.

Sina projekta. Nitaziangaliaje?

Kodak waliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, hivyo unayoipata sasa ni ya mtumba. Kabla hujalipa, uliza upatikanaji wa balbu yake. Bila projekta, simu yenye skrini nyeupe iliyowekwa mwanga wa mwisho inatosha, ukiinua slaidi sentimita chache juu yake ili nukta za skrini zisionekane, na lenzi ya kukuzia ya fundi saa jichoni. Fremu za sentimita tano kwa tano zinaingia slaidi za milimita 35. Shika pembeni tu. Upande unaong'aa ndio uelekee kwako. Ule uliofifia ndio wenye jelatini, na alama ya kidole ikikaa hapo hali ya hewa ya Dar inaioteshea kuvu.